Baiskeli Isiyoshika Breki

Mtaa mzima pale Manzese waliniita Breki. Msije mkadhani ni jina la kudekezana. Nilipewa kwa sababu nilikuwa nafanya kazi ya breki. Mtoto wa shangazi yangu alikuwa na baiskeli ya BMX, baiskeli yenyewe ilikuwa haishiki breki, na mie nilikuwa nakimbia nyuma yake nimekamata chuma cha chini ya kiti. Akipiga kelele "Breki!", nakita visigino mchangani navuta. Akisimama salama, hakuna anayesema asante. Asiposimama, nachapwa. Yeye alikuwa na miaka saba. Mie kumi na tatu, darasa la saba.

Shangazi alinitoa kwetu Lindi nikiwa darasa la nne. Alikuja na khanga mbili mpya, akamwambia mama yangu, "Wifi, nipe huyu mtoto nikamsomeshe Dar. Hapa kijijini atasoma nini, kuhesabu mikorosho?" Mama alilia kidogo, akapokea khanga. Ndiyo, alizipokea, na sioni haya kusema. Miaka ile nguo ilikuwa haionekani dukani, na mama alikuwa amebaki na khanga moja anayoifua akiwa amejifungia ndani. Nilipofika Manzese nikakabidhiwa ndoo, fagio na mtoto wa kubeba mgongoni. Shule niliandikishwa, sikatai. Ila kuandikishwa na kusoma ni vitu viwili.

Mume wa shangazi alikuwa baharia. Tulimwona mara moja kwa mwaka, akishuka na masanduku yake na harufu ya sabuni za huko. Sie huku tulikuwa tunafunga mikanda. Foleni ya sukari, foleni ya sabuni ya mche, foleni ya unga wa njano ambao ukiupika nyumba nzima inanuka ghala. Balozi wa nyumba kumi anaandika majina, na jina lako likirukwa, shauri yako. Katikati ya dhiki hiyo, baharia akashuka na BMX. Nyekundu, usukani umepanda juu kama pembe za ng'ombe, ringi zinameta mpaka macho yanauma. Watoto walijaa uani. Watu wazima nao walikuja, eti wanaomba moto wa kuwashia jiko.

Kabla hajarudi melini aliacha agizo. "Chuma hiki kimetoka nchi za baridi," alimwambia shangazi. "Hewa yetu ya chumvi itakitafuna. Kila Jumamosi kipakwe mafuta ya nazi, chote, kuanzia usukani mpaka ringi." Hakuna aliyeshangaa. Sie watu wa pwani kila kitu tunapaka nazi: mtoto, nywele, panga, kufuli, bawaba za mlango. Agizo likamshukia shangazi, na kutoka kwa shangazi likanishukia mie.

Basi kila Jumamosi asubuhi shangazi anakuna nazi, anachemsha tui mpaka mafuta yanajitenga, anayatia kwenye chupa. Mie nakaa chini na kitambaa, nasugua. Nikimaliza anakuja kukagua. Anapitisha kidole kwenye ringi, kikiteleza anaondoka bila neno. Kisipoteleza, kofi. Siku moja nilibakiwa na mafuta viganjani nikajipaka miguuni. Miguu yangu ilikuwa imepauka kwa vumbi la kukimbia, visigino vimepasuka magaga. Alinizaba kofi nikaona nyota.

"Mafuta ya baiskeli hayo! Unajipaka wewe ili nani akutazame?"

Nikafuta miguu kwa kitambaa kilekile, nikarudisha mafuta kwenye ringi. Baiskeli ilikuwa inang'aa kuliko mie, na mtaa mzima ulikuwa unaona.

Nyumba yetu ilikuwa juu, karibu na barabara kuu ya Morogoro. Kutoka mlangoni, njia ilikuwa inateremka moja kwa moja kuelekea Tandale mpaka kwenye mtaro wa maji machafu. Mtoto alikuwa haendeshi kokote kwingine. Kila alasiri, kuanzia saa tisa anapoamka usingizi wa mchana mpaka magharibi, ni kuteremka na kupandishwa. Kuteremka, mie nyuma nimeshika. Kupanda, mie nyuma nasukuma. Alikuwa na kifimbo cha mpera, akiona navuta kabla hajasema ananichapa nacho mkononi kwa nyuma bila hata kugeuka. "Breki haivuti mpaka iambiwe!" Wenzake wanacheka. Akishikwa na kikohozi anatema mate pembeni, yananipata, naye anajua yananipata. Sikumpenda mtoto yule. Watu wanasema mtoto hana kosa. Mie nilikuwa nyuma yake kila siku, na namwambia anayesema hivyo kwamba mtoto wa miaka saba anajua sana.

Sasa, pale shuleni alikuwepo mwalimu wa hesabu, mtu wa bara, mkavu, hacheki. Mwanzo wa mwaka alitangaza kwamba darasa la saba wanaotaka kufaulu warudi saa tisa alasiri, atawafundisha bure. Sikurudi. Wiki ya pili akanisimamisha mbele ya wote.

"Wewe kichwa unacho," akasema. "Ila shule hii hutoa watoto wawili, watatu tu kwenda sekondari. Ukija alasiri utakuwa mmojawapo. Usipokuja, utaolewa. Kaa chini."

Nilikaa chini. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kichwa ninacho. Nilirudi nyumbani nikampigia shangazi magoti, nikamweleza. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hakuinua uso.

"Nani atamshika mtoto?"

"Shangazi, kama breki zingeshika, asingehitaji mtu."

"Haya," akasema. "Siku breki zitakaposhika, utakwenda. Mwanangu akiweza kusimama mwenyewe, wewe kasome mpaka uchoke. Zisiposhika, sitaki kusikia tena neno alasiri humu ndani."

Mie nikachukua hiyo kama ahadi. Kuanzia hapo nilikuwa na jambo moja tu kichwani: breki. Mtihani ulikuwa mwisho wa mwaka, na kila alasiri niliyokimbia nyuma ya baiskeli ilikuwa alasiri niliyopoteza.

Kando ya barabara kuu palikuwa na fundi baiskeli, mzee mmoja mwenye kibanda cha mabati. Alhamisi moja nilitoka shule saa saba, nikakuta mtoto amelala, nikaiburura baiskeli mpaka kwake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Baiskeli ya baharia hiyo. Imekuwaje?"

"Haishiki breki."

Akaipindua magurudumu juu, akazungusha, akabana. "Ya nyuma waya umekatika ndani kwa ndani. Waya wa saizi hii sina, na hata ukienda mjini huupati. Tuibembeleze ya mbele." Akakaza waya kwa koleo, akasogeza zile raba za breki mpaka zikawa zinakaribia kugusa ringi. Nilimlipa kwa kumchotea maji bombani, ndoo mbili. Alasiri ile mtoto alipobana, baiskeli ikapunguza mwendo yenyewe. Kidogo tu, lakini ilipunguza. Ijumaa vilevile. Nikasema moyoni, Jumatatu namwambia shangazi aje aone.

Jumamosi nikapaka mafuta kama kawaida. Jumapili baiskeli ikateremka kama haijawahi kuona fundi. Nilikwaruzika vidole vya miguu vyote kuizuia. Nilikaa kwenye mchanga nikalia kwa hasira, na mtoto akaniambia, "Inuka, bado nataka kwenda."

Nikarudi kwa fundi. Akazitazama zile raba, akazibonyeza kwa ukucha. "Hizi zimekakamaa. Tafuta raba laini, ya tairi." Pembeni yake alikuwepo mshona katambuga, anayekata viatu kwenye matairi chakavu ya malori. Nikamwomba kipande, akanirushia bila hata kunitazama. Nilikichonga kwa kisu cha jikoni siku mbili, vipande viwili vya ukubwa wa kidole gumba, mkono wangu mmoja ukatoka malengelenge. Jumapili iliyofuata fundi akavifunga mahali pa zile raba za zamani, akavipitishia msasa, ringi nayo akaifuta vumbi kwa tambara lake. Jumatatu shangazi alitoka nje akasimama na mikono kiunoni. Mtoto akateremka peke yake. Mie nimesimama mlangoni. Alipofika kwenye bomba la maji akabana kwa mikono yote miwili, kama alivyozoea, na baiskeli ikasimama.

Shangazi akashusha mikono kiunoni. "Haya. Nenda."

Nilikwenda mbio, sijavaa hata kandambili. Siku tano nilikaa kwenye dawati alasiri. Nakumbuka sehemu na asilimia, nakumbuka vumbi la chaki kwenye mikono ya yule mwalimu, nakumbuka Ijumaa alinirudishia daftari na kusema, "Endelea hivyohivyo." Kwa mtu yule, hiyo ilikuwa hotuba. Nilikuwa na furaha, nasema wazi. Sijawahi tena kuwa na furaha ya namna ile, hata siku niliyoolewa.

Jumamosi, kitambaa na chupa. Nilipaka huku naimba, wallahi, naimba.

Jumapili mtoto aliteremka peke yake, akabana, baiskeli haikujali. Chini, kabla ya mtaro, watu walikuwa kwenye foleni ya mafuta ya taa. Aliwaingilia katikati, madumu yakaruka huku na huku, mama mmoja akakaa kitako kwenye tope. Watu walicheka mpaka foleni ikaharibika. Mtoto alichubuka goti. Mie nilichapwa mwiko mgongoni mpaka ukakatika, na shangazi akasema, "Breki zako za katambuga hizo! Mwisho. Kuanzia kesho rudi nyuma ya baiskeli."

Safari ya tatu kwa fundi sikuwa hata na nguvu ya kusema shikamoo vizuri. Alizungusha gurudumu, akabana, akatikisa kichwa. Kisha akapitisha kidole kwenye ringi, akakinusa. Akakinusa tena. Akakilamba.

"Nazi!"

Alicheka mzee yule, alicheka mpaka akakohoa, akamshika mshona katambuga bega. "Njoo umwone huyu binti! Anakaanga breki! Kila wiki nafunga breki, kila wiki anazikaanga!" Mshona katambuga akaja, waliopita njia wakasimama. "Wewe mtoto wewe, breki inashika kwa kukwaruza. Sasa ukitia mafuta inakwaruza nini? Unaziua kwa mkono wako mwenyewe halafu unakuja kunililia hapa!"

Kwa mkono wangu mwenyewe. Nilisimama pale wananicheka, nikahesabu Jumamosi zote nilizokaa chini na kitambaa. Nilijichukia hata nikataka kujing'ata.

Alipomaliza kucheka alinisaidia, sitamnyima haki yake. Alinipa vipande vingine vya raba, maana vya kwanza vilikuwa vimeshakunywa mafuta. Akasema nisugue ringi kwa majivu na ndimu mpaka kidole kikipita kipige kelele. Tena akasema jambo moja zaidi, na hili lisikilizeni: "Mwambie huyo bwana mdogo ajifunze upya. Amezoea kubana kwa nguvu zake zote kwa kuwa haishiki. Hii ya mbele ikishika kisawasawa, aiguse tu kwa vidole. Akiibana vile alivyozoea, itamrusha."

Nikamwambia shangazi habari ya mafuta. Nilimkuta kibarazani anasuka ukili wa mkeka. Nilimweleza polepole, kwa adabu, kwamba si kosa la raba wala la fundi, ni mafuta ya kwenye ringi tu, kwingine kote tupake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mume wangu kazunguka dunia nzima," akasema. "Huyo fundi wako kafika wapi? Kafika Ubungo." Kisha akanizaba kofi. "Ukimtaja tena, nakutia pilipili mdomoni. Chukua ndoo, nenda bombani."

Nilichukua ndoo nikaenda. Njiani nikamwona ni mjinga tu, mwanamke asiyejua kitu, anamwogopa mume aliye baharini. Hilo la ujinga lishikeni, nitalirudia.

Niliamua kumzunguka. Jumamosi nilipaka mafuta kila mahali, akakagua, kidole kikateleza, akaridhika. Jumapili alfajiri nilipoamka kuwasha moto nilichukua majivu jikoni na ndimu mbili, nikaisugua ringi ya mbele mpaka ikapiga kelele kama alivyosema fundi. Nikabadilisha raba kwa koleo nililoazima kwake. Mng'aro wa ringi ile ulififia, nikaigeuza baiskeli upande wa ukutani.

Jumapili alasiri mtoto alipanda, mie nyuma nimeshika kama kawaida. Akateremka, akafika kwenye bomba, akabana kwa mikono miwili. Baiskeli ilisimama palepale. Gurudumu la nyuma likainuka juu, nikalikandamiza chini kwa uzito wangu wote. Mtoto akacheka, akadhani ni mchezo. Mie sikucheka. Nilikuwa nimeona. Nisingekuwepo nyuma, angekuwa amekwishapita juu ya usukani.

Sikumwambia.

Baadaye, walipouliza, nilisema nilisahau. Nimesema hivyo kwa watu wengi na kwa miaka mingi. Sikusahau. Maneno ya fundi nilikuwa nayo mdomoni, "iguse tu kwa vidole", na yule mtoto akanigeukia akanichapa kifimbo usoni, hapa chini ya jicho, akasema, "Breki, nani kakwambia ukandamize?" Nikayameza. Nilitaka aone. Hasira yangu ilisema aone naye siku moja.

Shangazi alikuwa ametuona kutoka kibarazani, ameona imesimama. Jumatatu nilipomwomba ruhusa alikawia kujibu, kisha akasema niende. Nilikuwa ubaoni, nimeshika chaki, natafuta eneo la duara, aliposimama mlangoni mtoto mmoja wa mtaani anahema. "Breki! Unaitwa nyumbani!" Darasa zima likacheka hilo jina. Mie niliweka chaki chini. Nilijua kabla sijatoka.

Nilimkuta mtoto kwenye mkeka, kidevu kimepasuka, mdomo umejaa damu. Meno mawili ya mbele shangazi alikuwa nayo kiganjani. Yalikuwa meno ya ukubwani, hayajamaliza hata mwaka tangu yaote. Mtoto alinitazama akasema, kwa sauti ya mtu asiye na meno, "Imenirusha." Hakunitukana. Angenitukana ningeshukuru.

Shangazi aliinuka, akaiendea baiskeli, akapitisha kidole kwenye ringi ya mbele. Kikapiga kelele. Akakitazama kile kidole, kikavu, kina jivu. Kisha akaingia ndani akatoka na ule waya wa breki ya nyuma, uliokatika, fundi alikuwa ameuchomoa nao ulikuwa umetundikwa ukutani. Alinichapa na waya ule. Sitaeleza. Alama ninazo mapajani mpaka leo, na mume wangu siku ya kwanza alidhani ni ugonjwa. Balozi wa nyumba kumi alisikia makelele akaja, akasimama mlangoni, akasema, "Mama, punguza, kesho tuna kikao." Akaondoka.

Shangazi alizing'oa raba zote, akazitupa chooni. Akamwaga chupa nzima ya mafuta kwenye ringi, yakachuruzika mpaka mchangani. "Breki nilikuwa nayo tangu zamani," akasema akinitazama. "Breki ni wewe."

Nikakimbia mpaka mwisho wa mwaka. Mtihani niliufanya na miguu imevimba. Matokeo yalipokuja, walichaguliwa wawili, na jina langu halikuwemo. Yule mwalimu nilikutana naye barabarani nikamwamkia, akaitikia akitazama pembeni. Shangazi alimtumia mama salamu Lindi kwamba mtoto hana akili, amejitahidi naye bure. Mama akajibu anashukuru kwa malezi. Mtoto alipoichoka baiskeli, nikawa mpishi, nikawa mfuaji, nikawa mlezi wa wadogo zake, mpaka alipojitokeza dereva mmoja wa lori akanioa.

Miaka imepita mingi. Nina nyumba yangu Bunju, nimeijenga kwa kuuza chakula, tofali moja moja. Mume alikwishatangulia. Shangazi ninaye mie. Sukari imemla mguu wa kulia, wameukata juu ya goti, na watoto wake kila mmoja ana sababu yake. Yule wa BMX yuko Ulaya, kaweka meno ya bandia meupe kuliko ya kuzaliwa, naye ndiye aliyemtumia kiti cha magurudumu. Kizuri, kinang'aa. Majirani wananisifu, una moyo mama, una moyo. Nawaacha wasifu. Nilimchukua kwa sababu nilikwishamsamehe. Nilimsamehe ujinga wake. Kila nilipofikiria mwaka ule nilijiambia, hakujua, masikini, alikuwa hajui breki wala ringi, alifuata neno la mume. Ujinga unasameheka. Nililala usingizi kwa hilo.

Jumamosi iliyopita nilitoa kiti uani nikisafishe, yeye nimempandisha juu yake kabisa apate jua. Chuma kilikuwa kinaanza madoa ya kutu, hewa ya baharini huku nayo ni kali. Nikachukua chupa ya mafuta ya nazi na kitambaa, nikakaa chini, nikaanza kusugua. Nilisugua mikono ya kiti, nikasugua ringi. Alikuwa ananusa. Kitambaa kilipokaribia tairi, akaunyoosha mkono wake mwembamba akanigusa bega.

"Usifikishe hapo, mwanangu," akasema. "Hapo kwenye tairi ndipo breki inapokandamiza. Ukipaka mafuta itateleza."

Mkono wangu ulisimama. Nilimtazama. Kuku alikuwa anaparura kando ya ukuta, na mie nakumbuka nilimtazama kuku yule muda mrefu.

"Umejuaje, shangazi?"

Akafikiri. Uzeeni amekuwa mkweli, ukweli wa mtu anayeona hakuna tena wa kumficha. "Siku ile uliponiambia," akasema. "Ulipokwenda bombani. Nilichukua upindo wa khanga nikafuta ringi na zile raba, nikazungusha, nikabana. Ikashika."

"Ikashika?"

"Ikashika vizuri. Nikapaka tena."

Nilikuwa na umri wa bibi, nina wajukuu, nimekaa chini na kitambaa mkononi kama mtoto wa darasa la saba.

"Ungekwenda sekondari," akasema polepole, kama anayenieleza jambo la kawaida, bei ya nyanya, "mie ningebaki na nani?"

Kisha akanipapasa kichwani. Alinipapasa kwa mapenzi, hilo ndilo silimezi. Akaomba nimsogeze mpaka mlangoni, pale uwanja wangu unapoanza kuteremka kwenda barabarani, apigwe na upepo.

"Ngoja nimalize," nikamwambia.

Nikachovya kitambaa kwenye chupa mpaka kikalowa. Nikapaka tairi la kulia lote, nikazunguka, nikapaka la kushoto. Alikuwa ananitazama. Hakusema basi, wala hakuuliza. Nikamsukuma mpaka mlangoni, nikamwelekeza kwenye mteremko, nikamwambia avute breki. Akaivuta, ikateleza. Nikasimama nyuma yake, nimeshika chuma cha kiti kwa mkono mmoja.